Dakika Tano kutoka Kaso

Uwanja wa ndege, kisiwani Karpatho
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Rinio,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini goti la shemeji Nikitas limepata nafuu na wanao hawajambo. Mimi mzima, ila lile jicho la kushoto limepata mtoto wa jicho, ndiyo maana leo nilipanda ndege kwenda Rodo kwa daktari.

Ndege yetu unaijua: Kaso, Karpatho, halafu Rodo. Kilomita ishirini na kitu, dakika tano, basi uko kwenu. Jirani yangu Stamatia alianza kupiga ishara ya msalaba tukipaa, akaimalizia tumeshatua. Nilimcheka mpaka machozi. Wanaoendelea hadi Rodo hapa hubaki vitini, lakini mimi nikabeba mkoba nikashuka. Mhudumu alinifuata mbio akisema mama, hapa si Rodo. Nikamwambia najua. Stamatia alidhani sasa nimepofuka kabisa.

Nimekaa mkahawani hapa uwanjani kwenu, nakuandikia. Kwenye simu ningekata kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Unakumbuka mama alivyozidiwa, mwezi wa pili, miaka tisa iliyopita. Ulinipigia ukauliza, "Dada, ndege ya kesho ipo? Nije?" Nikakujibu usijisumbue, upepo umefunga uwanja, na meli nayo haiwezi kutia nanga. Ukaniamini, maana visiwani kwetu nani atabishana na upepo? Tangu siku ile kila tukizungumza unaulaani, nami naitikia.

Rinio, hapakuwa na upepo. Ndege ilikuja.

Nilikuwa na wivu. Kwa desturi yetu mimi kifungua mimba nilirithi nyumba na dhahabu za mama, wewe ukaolewa mikono mitupu, na watu wakanionea gere. Lakini miaka mitatu nilimwogesha na kumlisha, naye jina mdomoni ni lako tu. Nikasema basi, hata kufa afe akiwa wangu peke yangu. Ni roho mbaya, mdogo wangu, sina jina jingine la kuipa.

Ile ndege ilipita juu ya paa, kama kawaida yake. Mama akafumbua macho akasema, "Hiyo ndege. Rinio ameshuka?" Nikamwambia hukupanda. Nikamwambia hukutaka. Akageukia ukutani, hakukuulizia tena, na kesho yake akatutoka.

Barua hii nampa Minas wa teksi akuletee. Ndege inarudi kutoka Rodo saa nane mchana. Usipokuja nitapanda kurudi Kaso, na sitakulaumu. Wasalimie wote nyumbani. Nikitas umsomee yote, usinifichie.

Njoo, Rinio, hata kama ni kunitukana.

Dada yako,
Sevasti