Jumamosi Niliyoacha Simu Ikalia

Hosteli ya Wafanyakazi,
Chumba Namba 14.
Jumatatu, 2 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, pole. Hujambo? Mgongo wa mama unaendeleaje, au bado anajifanya hauumi? Na baba mdogo, kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Kazi naendelea nayo. Bado niko kwenye mashine za kufulia mashuka ya hospitali, na sabuni imenikausha vidole hadi kalamu inanikwaruza. Naandika kwa sababu kwenye simu sina ujasiri.

Jana nilimwambia mama kwamba Jumamosi sikupiga simu kwa sababu nilishikiliwa kazini. Nilidanganya. Zamu yangu iliisha saa tisa alasiri.

Wenzangu wawili, yule tunayemwita Miwani, anayepiga pasi, na dereva wa gari la mashuka, walinisema kwamba miezi minne nimejifungia ndani kama mwari. Wakanichukua kunionyesha baa za nyuma ya stesheni. Nikajisemea nitakaa kidogo, halafu nitatoka nje niwapigie ninyi nyumbani kwa wakati tuliopanga.

Baa ya kwanza nilikaa mezani kama mheshimiwa, nikingoja mhudumu. Nilingoja! Dereva alicheka hadi akashika mbavu. "Bwana mkubwa, hapa haji mtu. Nenda kaunta mwenyewe." Nikaenda, nikaagiza soda. Baa ya pili, nisikufiche, nilikunywa bia. Ilikuwa chungu kama dawa, na niliimaliza.

Ya tatu iko chini ya ardhi. Unashuka ngazi nyembamba, na mlangoni mama mmoja anapokea makoti na kukupa kibati chenye namba. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti. Usije ukadhani nilisahau. Juu ya rafu ya glasi kulikuwa na saa kubwa, nami niliitazama ikifika wakati wenu. Bendi ilikuwa imeanza. Nikasema, acha wimbo huu uishe. Ulipoisha nikasema, na huu. Miwani akanivuta katikati, watu nisiowajua wakanipigia makofi, nikacheza mpaka shati likalowa. Tangu nije huku, sikuwahi kupata saa nzima bila mtu kuningoja. Nilifurahi, mdogo wangu. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilipochukua koti nilikuta mmenipigia mara kumi na moja. Tatu zilikuwa zako.

Mama amenieleza yote. Wageni walioleta posa ya mchumba wako walikaa sebuleni wakingoja simu yangu hadi chai ikapoa. Baba mdogo alikataa kusema badala yangu, kwa kuwa baba alipofariki tulikubaliana nyumbani kwamba siku ukiposwa, mimi ndiye nitakayetoa jibu. Basi wakaondoka bila jibu, watarudi mwisho wa mwezi. Tena jana, walipopelekewa udhuru wangu wa kazi, wakanisifu, eti kijana mchapakazi! Na wewe, mama anasema, uliosha vyombo vyote peke yako.

Pengine uliwaza kwamba simtaki mchumba wako. Sina kinyongo naye hata chembe. Nilijipendelea tu, kwa jioni moja, nikakuaibisha mbele ya watu ambao utaishi nao. Nisamehe.

Msomee mama barua hii, usiruke hata pale pa bia. Halafu amua wewe. Ukitaka bado niseme mimi, siku hiyo nitashinda chumbani na simu mkononi. Ukiona sistahili tena, mwambie baba mdogo aseme, nami sitanung'unika.

Nisalimie mama, baba mdogo na mkewe, na jirani yetu fundi cherehani. Mungu akupe nyumba yenye amani na kicheko. Mchumba wako naye msalimie, na umwambie nilikuwa wapi Jumamosi. Asiingie kwenye ukoo wetu akimsifu mtu ambaye mimi siye.

Ni mimi nikupendaye, niliyekukosea,
Kaka yako