Nimetumia Jina Lako Embu

Dada Kendi,

Huku ni baridi ya sweta mbili, lakini tuko wazima. Embu kwa Shangazi ni mahali pa kulala tu. Asubuhi mimi na yeye tunatoka kutembea, leo Manyatta, kesho kwingine, na jioni tunarudi hapa kando ya mto Rupingazi, ambao unaongea kuliko mimi.

Nina jambo la kukiri. Jumapili kanisani wageni waliombwa wasimame wajitambulishe. Shangazi alikuwa mbele na kwaya, na wewe hukuwepo wa kunisemea. Nikasimama, na kilichonitoka ni yale maneno yako ya kila mara: "Bwana asifiwe. Naitwa Kendi kutoka Meru, na huyu ni mdogo wangu Nkatha, ana haya kidogo." Nikanyoosha mkono kando yangu. Kando yangu alikaa mzee wa umri wa babu.

Mzee akainuka polepole, akapunga kofia. "Ni kweli," akasema, "nina haya." Kanisa zima likampigia makofi.

Sasa kila mtu hapa ananiita Kendi. Mama wa chapati pale darajani akiniita naitika, na tunapiga stori mpaka chai inapoa. Kendi hana shida ya kuongea. Sikujua ni rahisi hivyo.

Nakumiss, hasa wakati wa kula. Ukija kunichukua Ijumaa, tafadhali uwe Nkatha. Wewe nyamaza tu, nitakutambulisha.

Mdogo wako