Tangi Liko Getini

Baba Loisi,

Ugali na mlenda viko kwenye hotpoti. Kuku wameshakula.

Nimekusubiri tangu saa moja. Uliruka ukuta kwenda kuazima jeki kwa fundi wa Chimwaga, ukasema, "Narudi sasa hivi." Sasa ni saa tano. Mdogo wangu Emiliana kajifungua jana, basi la asubuhi la Bahi limeshaniacha, na mimi nimo humu uani kama kuku aliyefunikwa tenga.

Toroli lako la chaga za kitanda na magurudumu ya pikipiki lilikuwa zuri, sikatai. Lilibeba tangi tupu bila shida. Lakini bomba lilipoanza kutoa maji ukaona yasitupite, ukalijaza likiwa bado juu ya toroli, tena nyuma ya geti linalofungukia ndani! Lita elfu moja. Ekseli ikapinda pale pale, na geti sasa halipishi hata kidole.

~~Fungua koki, mwaga yote.~~ Usimwage, maji hayatoki tena mpaka Alhamisi. Fua mablanketi. Yote, wewe mwenyewe, kwa mkono. Tangi likiwa jepesi, lisukume.

Napanda ngazi na kitenge changu hivi hivi, jirani yetu Mzee Batholomeo atanipokea upande wa pili, na mtaa mzima utatazama. Kutoka naruka ukuta. Kurudi nitapita getini. Nikikuta tangi bado limekaa hapo, nageuza kurudi Bahi, nikamlee mtoto wa Emiliana mpaka aanze shule.

Mama Loisi