Saa Moja na Dakika Arobaini

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mafua tu ndiyo hayajaniachia, na natumaini barua hii itawakuta salama wewe, shemeji na wapwa wangu. Mama anaendeleaje? Nimesoma kwamba atapasuliwa jicho Ijumaa, na kwamba amegoma kuingia kwa daktari mpaka nifike. Mama ni yule yule, akishasema, kasema.

Uliniuliza safari ni ya muda gani. Shemeji amepima ramani kwa rula, kapata kilomita mia tatu na themanini, basi anadai ni nusu saa tu. Mwambie rula haijui mlima. Ndege huuzunguka, kwa hiyo kutoka uwanja huu hadi wa kwenu ni kilomita mia nne na thelathini, na hiki kindege chetu cha viti kumi na viwili huchukua saa moja na dakika arobaini. Upepo ukiwa wa mbele, ongeza robo saa. Hesabu hizo nazipiga kila asubuhi kwa penseli, halafu nawapima abiria kwenye mizani pamoja na mizigo yao, maana kindege hakitaki mchezo. Juzi mwalimu mmoja alikataa katakata kupima uzito mbele ya wanafunzi wake. Ikabidi niwageuze wote watazame ukuta.

Hapa kazini wananiita Bwana Dakika. Rubani hunitania kwamba njia ya angani naijua kuliko yeye, nami nacheka naye.

Sasa dada, kaa kitako. Baba alipofariki niliwapigia simu nikasema ndege imejaa, mkamzika bila mimi. Haikujaa. Viti vitatu vilikuwa vitupu; orodha niliiandika mwenyewe. Nilifika mpaka kwenye ngazi, miguu ikakataa. Rubani alinisubiri dakika kumi, kisha akafunga mlango. Huku nilikuja kwa lori, siku nne nzima, na nilijua kwa lori nisingewahi mazishi. Miaka tisa nawapandisha watu, mimi sijapanda hata mara moja. Naogopa, dada. Naogopa kama mtoto, na kila nilipokuandikia tangu siku ile nimeona haya.

Msamaha sitauomba kwa karatasi. Barua hii anakuletea rubani leo Jumatatu. Katika orodha ya Alhamisi nimejiandika abiria wa kwanza. Nimemweleza rubani kila kitu nikidhani atanicheka. Aliniambia tu, "Utakaa nyuma yangu, unishike bega mpaka tutue."

Tutaondoka saa tatu asubuhi, tutafika saa tano kasoro dakika ishirini. Njoo uwanjani, dada yangu. Ila Mama usimwambie neno lolote mpaka mlango ufunguliwe, na mimi unione kwa macho yako nikishuka.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho