Koko Chini ya Kitenge

Ibanda, Bukavu
Jumapili, 27 Agosti 2023

Mpendwa kaka yangu Lucien,

Pokea salamu za upendo kutoka katika nyumba uliyozaliwa. Je, goti lako limepata nafuu, na daktari wa huko Namur amekuruhusu kupanda ngazi? Shemeji Francine amekwisha kurudi kazini? Sisi tu wazima. Mama ana kikohozi kidogo cha vumbi la kiangazi, lakini anakula vizuri na anakutaja kila anaposali rozari.

Ulipopiga simu juzi uliniagiza mambo mawili: televisheni ifungwe, na binti yako Elodie apelekwe shule ya bweni huko Miti masomo yatakapoanza, kwa kuwa ile katuni imemfundisha kudharau wazee. Wewe ndiwe baba yake, nami ni mdogo wako. Sanduku lake limekwisha kufungwa. Hata hivyo, niruhusu nikueleze yaliyotukia, maana dada yetu Eulalie alikusimulia akiwa bado amekasirika, na nadhani aliyafupisha.

Katuni yenyewe nimeitazama kwa makini. Inamhusu kijana wa miaka kumi na mitano, Fanfoli, asiyeweza kupita mlangoni bila kumtegea mtu ndoo ya maji. Kuna siku alimvalisha mbuzi koti la mwalimu mkuu. Michoro ni ya ovyo, na visa vingi havina mantiki. Lakini nimegundua kwamba Fanfoli hamchezei mtu aliye dhaifu kuliko yeye, na kwamba aliyechezewa huishia kucheka pamoja naye.

Jambo ambalo huenda hulijui ni kwamba Mama haoni tena picha. Macho yake hutambua mwanga na vivuli tu. Kila jioni, umeme ukiwepo, Elodie huketi kando ya nyanya yake na kumsimulia: «Koko, sasa anaingia ku jikoni polepole. Koko, kuku imemuona!» Mama hucheka hadi kushika mbavu. Tangu tulipomzika Papa sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Sasa nije kwenye siku ya mahari ya binti yako mkubwa, Virginie. Kama desturi inavyotaka, kabla ya kumtoa tuliwapitisha wasichana waliofunikwa vitenge, ili wakwe wamtambue aliye wao. Wa tatu alipita taratibu, Elodie akimshika mkono. Papa Modeste, msemaji wa upande wa bwana harusi, akasimama kwa fahari.

«Huyu njo bibi harusi yetu! Hata mwendo yake tunaijua!»

Kitenge kikafunuliwa. Alikuwa Mama.

«Mumekawia sana, batoto yangu,» akasema. «Niko tayari, twende.»

Akilini niliwaona tayari wakwe wakichukua kofia zao na kuondoka kwa hasira. Lakini Papa Modeste alimgeukia Mama.

«Maman, nimeshasema, nimeshasema. Tunakuchukua. Lakini nani atatupikia?»

«Ee! Mimi niko bibi mupya. Mutanipikia ninyi!»

Papa Modeste alilazimika kuketi kwa kicheko. Walitoa kreti ya soda kama faini ya kukosea bila kunung'unika, na hadi leo akipiga simu hapa huuliza hali ya «muke yangu». Kwa hiyo hakuna mkwe aliyeudhika. Aliyeudhika ni Eulalie, nami ninamwelewa, kwa sababu ndiye aliyeiandaa sherehe ile.

Nilimhoji Elodie, akakubali kila kitu. Kisha nikamhoji Mama, akanijibu: «Kila siku mutoto ananielezea tu. Na mimi nilitaka niingie mule ndani.» Hivyo mzee hakudharauliwa, mzee ndiye aliyeomba. Kosa la Elodie lipo, na nimemwonyesha: hakumwomba ruhusa dada yake, ambaye siku ile ilikuwa yake. Ameomba radhi. Virginie amemsamehe, baada ya kumwoshesha masufuria yote ya sherehe.

Jana Elodie alikwenda kumuaga Eulalie, nami nikaketi mahali pake mbele ya televisheni. Nilieleza kila picha kwa usahihi: rangi ya shati, upande ambao mlango ulifungukia, ndoo ilipotegwa. Mama alinisikiliza kwa subira, kisha akanigusa mkono.

«Télesphore, mutoto yangu, unaeleza muzuri. Lakini ule kijana amekuwa muzee.»

Akaniomba niizime. Agizo lako la kwanza likatimizwa bila mimi kukusudia, naye Mama akaniuliza Elodie atarudi saa ngapi.

Kaka, sijakaidi neno lako wala sitalikaidi. Nakuomba tu ulitengue wewe mwenyewe, kabla shule hazijafunguliwa.

Utusalimie shemeji Francine na mwanetu Glody, ambaye Mama anataka kuisikia sauti yake. Virginie na mumewe wanakubusu. Mungu akulinde huko ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungukiwa,

Télesphore