Maziwa Hayakuwa na Kosa

Wodi ya Watoto,
Mbalizi,
9 Septemba 1974

Kwako dada yangu mpendwa Lea,

Sasa hivi Tupokigwe amenipokonya kijiko cha maharage, akajipaka mpaka puani, halafu akacheka. Amecheka, dada! Nimekimbilia kalamu hapo hapo. Je, hujambo? Shemeji na watoto wazima hapo Ipogolo? Mimi sijambo, ila moyo.

Najua habari zilikufikia nusu nusu. Mume wangu Asukile alipokuja kupumzika kutoka safari zake za lori, mtoto akaanza kuharisha. Mama mkwe akamtazama, akatutazama na sisi, akasema huyu amebemendwa: baba na mama wamelala pamoja mtoto angali ananyonya, maziwa yameharibika. Akaniamuru nimwachishe siku ile ile. Nikatii. Nilijifunga matiti kwa kitambaa, maziwa yakawa yanavuja, na mtoto akivuta gauni langu namgeuzia mgongo. Nikampa uji mwepesi wa mahindi. Kuharisha kukakoma, lakini baadaye miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za hindi, akaacha hata kunivuta gauni. Kila akilia nilisikia ni tamaa yangu inayolia.

Nilipomleta hapa wodini, Nesi Lusia aliniuliza kwa nini nilimwachisha mapema. Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema kuharisha kungepita tu, maziwa yangu hayakuwa na kosa lolote, kilichomvimbisha mtoto ni kuishi kwa uji mtupu. Afadhali angenigombeza. Jirani yangu wa kitanda, Mbuke, Msukuma wa Usangu, akadakia kwamba kama kulala na mume kungeua watoto, basi kwao wangebaki ng'ombe peke yao. Nilicheka sana, kisha nikajifunika khanga nikalia.

Sasa dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Asukile aliwaambia wazee kwamba alinilazimisha. Si kweli. Yeye alikuwa ametandika mkeka wake sebuleni, anangoja mtoto aache kunyonya, kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyemfuata. Nilikuwa nimemkosa mno. Na mama yake alipomwita mnyama mbele ya watu, nilitazama chini nikanyamaza. Aliondoka bila kula, na tangu hapo anapita barabara hii haingii kwetu.

Malori yao husimama hapo Ipogolo. Nakuomba umtafute. Mwambie mtoto anacheka, na uvimbe unashuka. Mwambie haikuwa sisi kulala pamoja, ilikuwa mimi kumnyima mtoto ziwa. Nikitoka hapa nitamwambia mama mkwe kwa kinywa changu nani alimfuata nani, akitaka kunifukuza anifukuze. Ila nitafurahi kama Asukile atakuwa amesimama pale mlangoni. Sitaki arudi kwa ajili ya mtoto tu.

Nisalimie shemeji na wanangu wote, na mama wa kanisani aliyetuletea karanga mwaka jana. Nesi Lusia ananiita mara ya pili sasa, eti Mama Tupo mzani unakungoja, nami sijamaliza. Dada, usisahau hili hata ukisahau mengine: mwambie Asukile kwamba hata mtoto alipokuwa hoi, hata nilipokuwa najichukia, bado mimi…