Abiria Aliyeitwa Mzigo

Nafula mjukuu wangu,

Pokea salamu nzito kama gunia la mihogo. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo uko imara. Mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote hapa Matayos, usidanganywe.

Umeniuliza kwa nini nahuzunika wakisema stesheni kuukuu ya Malaba itabomolewa, na ndani wamebaki mbuzi na popo tu.

Baba yangu alifia kazini Jinja, akaletwa kwa treni. Mimi na mama tukaenda kumpokea. Nilikuwa kijana wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, mpaka Tororo walinijua! Karani akafungua behewa, akaona jeneza, akaita: "Mzigo wa Wandera! Mwenye mzigo yuko wapi?"

Nikasogea. Mama akanivuta shati.

"Hapa hakuna mwenye mzigo. Nimekuja kumpokea mume wangu."

"Mama, ni sheria ya reli. Weka sahihi, treni inangoja."

"Hata chumvi ni mzigo. Mwite vizuri, au tulale hapa sote."

Dereva akapiga honi, mama hakutikisika. Mwishowe karani akasema polepole, "Abiria Wandera, umefika Malaba."

"Karibu nyumbani, mzee," mama akasema. Ndipo akalia.

Mama alishafariki, na yule karani pia. Stesheni nayo ingeanguka, ningebaki peke yangu niliyesikia baba akiitwa hivyo. Sasa na wewe umesikia.

Babu yako